Kiwanja cha shule ni cha watoto wa shule, klabu za wazazi zije na karatasi

Bwana Mhariri,

Assalam aleykum, nakuomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa kifuani tangu tem ilipofunguliwa na kila nikimwambia mtu aniambia ah mama wee achana nayo, boli ya watoto hiyo. Mimi siachani nayo.

Ni mkaazi wa Majengo, Mombasa, asubuhi nauza mahamri na mbaazi pale nje kwetu na nina watoto watatu, wote wasoma shule ya msingi ya serikali hapa hapa kisiwani. Shule siitaji jina wala klabu siitaji, sitaki mwalimu yeyote apate taabu kwa ajili ya barua yangu, halafu nimeongea na kina mama wa Kisauni na wa Likoni nikakuta wana yale yale kwao.

Shule yetu ina kiwanja. Mtu wa bara akisikia hivo ataona kawaida tu lakini sisi wa kisiwani twajua thamani yake, nyumba zimebanana ukifungua dirisha waona sufuria ya jirani, mtoto akitaka kucheza ni Serani au Tononoka na huko wakubwa wameshajaa, ule uwanja wa manispaa nao umekaa miaka nenda miaka rudi kwenye ukarabati. Na saa za kucheza kwa mtoto wa huku ni chache. Atoka shule, apitia chuoni kusoma Kurani, akitoka chuo ni saa kumi na moja, kutoka hapo mpaka adhana ya magharibi ndo wakati wake wa boli, saa moja u nusu hivi, ukimchukulia hiyo umemchukulia siku yote.

Hiyo saa moja u nusu sasa ina wenyewe. Miaka mitatu nyuma wazazi kadhaa, wengi wao si wa mtaa wetu, watu wa magari na kazi nzuri Mungu awazidishie, waliungana wakaunda klabu yao ya mpira wa watoto, akademi, wakaongea na mwalimu mkuu aliyekuwepo wakati ule wakapewa kiwanja Jumatatu mpaka Alhamisi na Jumamosi asubuhi. Mtoto alipa elfu tatu kwa mwezi, jezi na njumu mbali. Na ntasema ukweli, kumzulia mtu ni dhambi, kile kiwanja walikitengeneza. Kilikuwa mashimo matupu na vigae vya chupa, wao wakaleta malori ya udongo, wakaweka magoli ya chuma yenye neti, wakavuta mpira wa maji wakamwagilia nyasi, wakaajiri kochi ambaye kazi yake aijua. Mwanzo sote tulifurahi. Mwaka wa kwanza watoto wa shule walikuwa wakiachwa wachanganyike nao siku za Jumanne bure na kijana wangu alikuwa akirudi nyumbani na habari za boli mpaka alale.

Halafu Jumanne ikaondoka, hakuna aliyetuambia kwa nini.

Kijana wangu huyu ni wa pili, yuko Gredi ya 7, mguu wa kushoto, mwembamba lakini ana mbio. Amechezea shule tangu Gredi ya 4. Siku moja tem iliyopita akarudi nyumbani mapema nikashangaa, nikamuuliza baba mbona umerudi na hata magharibi bado, akakaa kimya, mpaka usiku ndo akaniambia, mama soja amesema wenye jezi ya buluu ndo waingie. Yaani ni geti la shule yake, asubuhi ya siku ile ile alikuwa ameingia na begi lake la vitabu! Kesho yake nikaacha biashara kwa mwanangu mkubwa nikaenda mwenyewe. Soja ni mzee wa watu, akaniambia kwa adabu kabisa, mama nisamehe, mimi nimepewa orodha. Nje ya ukuta nikakuta watoto kama kumi na tano na sare zao za shule, wamepanda mawe wachungulia ndani.

Elfu tatu kwangu ni mahamri mia tatu ya shilingi kumi kumi, hapo sijatoa unga, sijatoa nazi, mafuta wala makaa. Na wanangu ni watatu.

Lakini hata ya geti ningeyameza. Kilichonitoa machozi ni timu ya shule. Orodha ya timu ya kwenda mashindano ya zoni ilipobandikwa kulikuwa na majina kumi na manane, kumi na sita ni watoto wanaolipa akademi. Kijana wangu hayumo, na wenzake watatu waliocheza mwaka jana hawamo. Nikaenda kwa mwalimu wa michezo nikamuuliza mwalimu, huyu mtoto ameharibu nini, kama ni nidhamu niambie nikamrekebishe. Akaniambia, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, mama mtoto wako hana kosa, kochi wa akademi ndo achagua, mimi naandika majina tu. Nikamuuliza na kochi amemwona wapi akicheza ikiwa hata kiwanjani haingii? Hakunijibu, na simlaumu sana, jezi za timu ya shule zimenunuliwa na akademi, basi la kuwapeleka zoni lalipwa na akademi, atasema nini.

Hapo ndo nawaomba wasomaji mnisikize vizuri manake hapa ndo penye shida. Klabu ya watu binafsi ni haki yao, mtu ana pesa yake na mwanawe, amtafutie kochi ampeleke atakako. Lakini timu ya shule ya umma ni jambo jengine. Michezo ya shule yatoka zoni kwenda sabkaunti, kaunti, mkoa mpaka taifa, na huko njiani ndo watoto waonekana, ndo walimu wa sekondari wenye timu nzuri watafuta wachezaji, kuna vijana wa mitaa yetu waliosoma sekondari kwa sababu ya miguu yao tu, wazazi wao hawakuwa na karo. Na kwa mfumo huu mpya wa elimu tuliouzoea kwa jina la CBC mtoto akifika sekondari ya juu kuna njia tatu za kuchagua na moja ni sanaa na sayansi ya michezo, maana yake michezo sasa ni masomo. Sasa mtoto ambaye hakuitwa zoni ataonekana na nani? Akiachwa kwa sababu mwenzake ni bora zaidi yake hilo lakubalika, atalia siku mbili atanyamaza. Akiachwa kwa sababu mamake hana elfu tatu, mimi nimwambie nini?

Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 53 yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikapiga marufuku tuisheni za likizo, twakumbuka ilivokuwa kabla yake, mtoto asiyelipa tuisheni alirudi tem ikifunguliwa akakuta mada imeshamalizwa na wenzake. Kwa boli imekuwa vile vile. Asiyelipa baada ya masomo hapati nafasi kwenye kitu cha shule. Ikiwa kwa hesabu na Kiingereza tulisema hapana, kwa nini kwa mpira tunyamaze?

Na ile sheria yenyewe haikukataza klabu kutumia shule. Kijana mmoja wa jirani yetu asomea sheria chuo kikuu ndo alinisomea, nikadhani ntaambiwa ni marufuku kabisa, kumbe bodi ya shule, hii ambayo sote twaiita BOM, imepewa ruhusa iachie jamii itumie vifaa vya shule kwa shughuli halali kwa masharti ambayo ni ya haki na sawa, na yaweza hata kutoza ada. Mimi nimelifurahia neno hilo, masharti ya haki na sawa. Kwa hivyo nikaenda kuuliza kwa upole, masharti yetu sisi yako wapi? Mkataba uko wapi, nani aliutia sahihi, wa miaka mingapi, akademi yalipa shule shilingi ngapi na risiti iko wapi? Ofisini nikaambiwa ni maelewano. Maelewano na mwalimu mkuu ambaye ameshahamishwa! Wazazi kwenye bodi nikawauliza, mmoja asema alisikia, mwengine asema hakuwepo, wa tatu mwanawe yuko akademi akanikatia simu.

Sisemi watu wameiba. Nasema hakuna karatasi, na kitu cha umma kisicho na karatasi sote tumeona mwisho wake. Januari 2015 kule Nairobi watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa gesi ya machozi wakipigania kiwanja chao kilichozungushwa ukuta, watoto wadogo wa sare, picha zile nchi nzima ilizitazama ikaumia. Hawa wazazi wa akademi si wanyakuzi, mimi nimekaa nao nimewaona ni watu wazuri, lakini wao wataondoka siku watoto wao wakikua, na atakayekuja baada yao atasema amekuta klabu iko hapa miaka kumi na kiwanja ni chake, na sisi hatutakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Nilikaa na baba mmoja wa klabu chini ya ule mwarubaini wa getini, mtu mstaarabu, akaniambia, dada yangu, sisi tumetia pesa zetu pale, serikali haikutia hata senti, tukiondoka kesho patarudi mashimo. Nimelifikiria neno lake siku nyingi na sehemu yake ni kweli. Serikali imepangia mtoto wa primari shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, humo mna vitabu, chaki, ukarabati na mambo mengine yote, ya boli itabaki ngapi? Mwalimu mkuu aliyeletewa malori ya udongo bure angekataaje. Lakini nikamwambia kaka, ardhi ile thamani yake ni ngapi hapa kisiwani? Mukitafuta kiwanja cha kukodi kila siku alasiri mwaka mzima Mombasa hii mungelipa ngapi? Hicho ndo mchango wetu sisi tusio na pesa, tumetoa ardhi. Akacheka kidogo akasema hapo una neno.

Kuna na hili la pesa za mbele ambalo wazazi wengi hatulijui, mimi mwenyewe nimelijua juzi. Sheria za FIFA zasema mchezaji akiuzwa nchi nyengine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya ile pesa yagawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa kufikisha miaka 12 mpaka 23. Tuseme kijana auzwa shilingi milioni mia moja, hapo milioni tano ni za waliomlea, na mwaka mmoja wa utotoni, tuseme alipokuwa na miaka 13, wampa mlezi wake laki mbili u nusu. Lakini mlezi anayehesabiwa ni klabu iliyomsajili. Shule iliyompa kiwanja, maji na choo haimo kwenye hesabu kama haikuandikwa popote. Ni watoto wachache mno watakaofika huko najua, Mombasa hii wamepita wangapi wazuri wakaishia bandarini kubeba mizigo, lakini kama mkataba utaandikwa basi na hilo liandikwe, ikipatikana riziki kwa mtoto aliyelelewa kiwanja cha shule na shule ipate fungu lake linunue madawati.

Marehemu baba alikuwa shabiki wa klabu ya Feisal, ile Feisal ya hapa kwetu iliyochukua ligi ya Kenya mwaka 1965, na mpaka anakufa alikuwa akiwataja wale vijana mmoja mmoja na mtaa wake, huyu wa Kuze, huyu wa Bondeni, huyu wa Majengo kwa kina fulani. Mji mzima ulikuwa wawajua kwa sababu ulikuwa wawaona wakicheza tangu wadogo. Klabu ya Bandari nayo imetupa raha, kombe la 2015 na la 2019, tulitoka barabarani tukashangilia. Nikiwaona wale watoto juu ya mawe nje ya ukuta najiuliza, wa zamani zetu baba aliwataja, hawa wa zamani zao ni nani atawataja.

Na wasichana. Binti yangu yuko Gredi ya 5 na apenda mpira kuliko kakake. Akademi haina timu ya wasichana, kwa hivyo siku tano kwa wiki kiwanja cha shule ni cha wavulana peke yao, netiboli imesukumwa kwenye lami karibu na vyoo. Mwaka 2024 wasichana wa Kenya chini ya miaka 17 walikwenda Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya mpira ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA, wanaume hawajafika, na wakamfunga Mexico 2-1. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Ndugu yangu yuko Ohio, Marekani, aniambia kule wazazi wana vikundi vya kuchangia timu za shule za umma na wachanga pesa nyingi, lakini wana sheria ya 1972 iitwayo Title IX, shule inayopokea pesa za serikali kuu haiwezi kujitetea eti uwanja mzuri wa wavulana ni pesa za wazazi, wasichana lazima wapate sawa, pesa itoke kwa mzazi au kwa serikali. Hapa tuna kifungu cha 27 cha katiba chasema wanawake na wanaume wapate nafasi sawa. Siku tano kwa wavulana na lami kwa wasichana ni nafasi sawa gani?

Basi ninachotaka mimi ni nini, manake nimeshaambiwa nataka kuvunja klabu. Sitaki ivunjwe. Nataka bodi iketi na akademi waandike mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ubandikwe pale pale panapobandikwa matokeo ya mtihani, kila mzazi ausome. Siku mbili kwa wiki baada ya alasiri kiwanja kiwe cha watoto wa shule, wavulana na wasichana, na hakuna soja wa kuwauliza jezi. Timu ya shule ichaguliwe na walimu wa shule, majaribio yatangazwe siku saba kabla, kila mtoto aje, kochi wa akademi akitaka kusaidia aje ashauri na shukrani zetu twampa, lakini kalamu iwe ya mwalimu. Ada ikilipwa ilipwe kwa akaunti ya shule na kila tem tusomewe. Na kwa kila watoto kumi wanaolipa, wawili wa shule wasioweza waingizwe bure, hiyo ndo kodi ya kiwanja. Bodi pia iulize kama klabu imesajiliwa kwa Msajili wa Michezo vile Sheria ya Michezo ya 2013 yataka, na wale makochi wanaokaa na watoto wetu mpaka giza liingie waonyeshe cheti cha tabia njema, hili ni la usalama hata mzazi wa akademi halikatai.

Wizara ya elimu hapa kaunti nayo naiomba, sabkaunti zetu ni sita tu, si kazi kubwa mtu kupita shule za umma zenye viwanja akauliza ni nani atumia kiwanja na karatasi iko wapi.

Wazazi wa Mombasa, nendeni mkaulize kwenu. Msiende kwa ghadhabu, walimu ni wenzetu na wengine wamebanwa kama yule wetu. Mimi barua yangu kwa bodi niliipeleka Jumatatu iliyopita, wakaipokea wakagonga muhuri, nakala ninayo nyumbani imekunjwa ndani ya msahafu. Mkutano wa wazazi ni wiki ya tatu ya mwezi na nimeomba dakika kumi za kusema. Kijana wangu kwa sasa acheza barabara ya nyuma ya nyumba na wenzake, kila tuktuk ikipita washika boli wasimama pembeni, ikishapita waendelea.

Mama wa watoto watatu,
Majengo, Mombasa.